Aliyestahili Pembe ya Ndiva

Sogeeni karibu. Mwenye usingizi na alale sasa hivi, kwa sababu mwishoni kila mtu ataulizwa swali, na kusinzia hakutakuwa jibu.

Huko Upare, mlimani, palikuwa na mama mmoja aliyeitwa Nakijwa. Alikuwa mjane, magoti yake yalikuwa mabovu, na alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu ambao mtu akilala huamka umemtoka. Ulikuwa uchovu wa mtu aliyeshika kitu cha watu wengi kwa muda mrefu mno, na hajui amkabidhi nani. Kitu chenyewe kilikuwa pembe ya tandala, nyeusi, iliyolainika pale midomo ya watu ilipogusa tangu enzi za babu wa mumewe.

Ilikuwa pembe ya ndiva. Ndiva ni bwawa ambalo watu wa ukoo walilichimba chini ya chemchemi na kulizungushia ukingo wa mawe na udongo. Maji huingia taratibu usiku kucha. Asubuhi mwenye pembe akipiga, kizibo cha tope na magome ya migomba huondolewa, na maji hushuka kwa mfereji kwenda mashambani, shamba baada ya shamba, kuanzia la juu mpaka la chini kabisa. Pembe ikishalia ndiva haina budi kufunguliwa, hata kama aliyepiga anajuta. Na hakuna mtu anayeruhusiwa kuziba mdomo wa shamba la mwenzake. Mwenye shamba tu ndiye huuziba, kwa mkono wake.

Mume wa Nakijwa alipokufa, wakuu wa ukoo walimwachia mjane pembe ile aishike kwa muda. Muda ukawa mrefu. Mwaka huo wakamwambia: "Siku ya kuzoa tope la ndiva, pembe ipate mwenyewe. Mtu yeyote wa nyumba yako, wa kiume au wa kike, ila awe mmoja. Ikishindikana, itahamia nyumba ya Kiondo." Kiondo alikuwa shemeji yake wa mbali, mwenye shamba la chini kabisa na sauti ya juu kuliko wote.

Sasa wajueni watu wa nyumba hiyo. Walikuwa watatu.

Elinaza, binti yake, alikuwa mtu wa kuanzia mwisho. Ukimtuma kuni, kwanza atakuuliza kitapikwa nini na watu watakula saa ngapi. Kwenye sherehe yeye ndiye aliyeulizwa mbuzi achinjwe lini, kwa sababu alianza na saa ya kunawa mikono, akarudi nyuma mpaka kwenye kuwasha moto, akarudi tena mpaka kwenye kuchota maji. Kaka yake alimtania kwamba hata tumboni alitoka kwa kuanzia miguu. Nakijwa, ambaye bila shaka alikuwapo, alisema ndivyo ilivyokuwa na wala haikuwa mchezo.

Senzota, huyo kaka yake, alikuwa mtu wa kuangalia sasa. Tangu utotoni aliweza kubeba kibuyu kilichojaa hadi ukingoni akashuka nacho njia ya mawe bila kumwaga. Wenzake waliangalia miguu yao, wakamwaga. Yeye aliangalia maji. Yakiegemea huku, aliegemea kule, kidogo tu, kabla hayajafika ukingoni. Ukimuuliza amefanyaje hajui kukueleza.

Wa tatu alikuwa Yunesi, mke wa mtoto mkubwa wa Nakijwa, aliyekuwa amekufa miaka ya nyuma. Yunesi alikuwa mtu wa kujua kitu kina thamani gani mahali kilipo na siku iliyopo. Mumewe alipokuwa mgonjwa, walikuwa na kuku mmoja anayetaga, na watu wakabishana kuhusu kuku huyo. Yunesi alisema, "Leo huyu ni mchuzi. Juma lijalo angekuwa mayai, lakini mgonjwa hafiki juma lijalo bila mchuzi. Mchinjeni." Mgonjwa alifika juma lijalo. Hakufika mbali zaidi ya hapo, lakini Yunesi hakuwahi kusema kwamba angefika.

Mwaka huo mvua za vuli zilinyesha mara chache, zikaotesha mahindi, kisha zikakoma. Wapo wanaosimulia kwamba ulikuwa mtama. Haukuwa mtama. Mtama ungevumilia, na hadithi hii isingekuwapo.

Chemchemi ikapungua ikawa kama mkojo wa mbuzi. Ndiva ilikuwa na maji ya kutosha kuwadanganya watu, lakini hayakutosha kuwalisha. Mahindi yalikuwa usawa wa goti, majani yameanza kujikunja, na kila asubuhi watu walikuja uani kwa Nakijwa na majembe begani.

"Mama Senzota, piga pembe," alisema Kiondo. "Mahindi yanalia."

"Nayasikia."

"Unayasikia halafu? Au pembe siku hizi ni mto wa kulalia?"

Nakijwa alikuwa karibu kuipiga. Alitaka waondoke, apumzike. Ndipo Elinaza alipomwita ndani.

Sakafuni Elinaza alikuwa amepanga maharage. Mlangoni, alisema, ni siku ya kuvuna. Jikoni ni leo. Kila harage ni kina cha kiganja kimoja cha maji ndani ya ndiva. Alianzia mlangoni. Karibu na kuvuna mahindi hayahitaji kitu, hakuweka harage. Nyuma kidogo, punje zinapojaa, aliweka machache. Nyuma tena, mahindi yanapotoa mbelewele na ndevu, aliweka rundo, kwa sababu mahindi yakikosa maji siku hizo unavuna magunzi. Akaendelea kurudi nyuma hivyo kuelekea jikoni, na alipofika jikoni mkono wake ulikuwa mtupu.

"Leo hakuna," alisema.

"Mahindi yanajikunja, Elinaza."

"Yajikunje. Mahindi ya goti yakiona kiu yanadumaa lakini hayafi. Mama, tukiwapa leo wanachotaka, watafurahi mpaka ndevu zitoke. Baada ya hapo hakutakuwa na kitu cha kuwapa. Nani atakuja kuwaeleza siku hiyo? Ni wewe."

Nakijwa aliyatazama maharage yale. Kisha alitoka nje akawaambia watu warudi nyumbani, na kwamba wangepewa maji kidogo juma lijalo. Kiondo aliuliza nani amesema. Elinaza alisimama mlangoni akasema, "Mimi."

Tangu siku hiyo watu waliacha kumsalimu. Wanawake waliokuwa wakienda naye kuchota maji waliondoka mapema wasikutane naye. Alikuwa ameposwa na mtu wa kijiji cha bondeni, ambako mfereji unaishia. Posa ile haikuvunjwa kwa maneno. Ilinyamaza tu. Mjumbe aliyekuwa akija hakuja, na baadaye ilisikika kwamba mama mkwe mtarajiwa amesema hawezi kumwoza mwanawe mwanamke anayeweza kutazama kiu ya watu akahesabu maharage.

Huo ndio mchango wa Elinaza. Kama asingeanzia mwisho, ndiva ingekauka kabla ya ndevu.

Lakini maharage yalikaa sakafuni, na maji yalikuwa mlimani.

Magoti ya Nakijwa hayakuweza tena kupanda, kwa hiyo alimpa Senzota pembe ampigie. Siku ya kwanza ya kufungua, Senzota alifuata mpango wa dada yake sawasawa: kizibo kikatolewa nusu, maji yakatoka kiasi kilichosemwa. Hayakufika nusu ya mashamba. Alifuatilia mfereji akakuta fuko wamechimba chini ya ukingo, na maji yanaingia mashimoni kama wageni walioalikwa. Alirudi nyumbani matope mpaka mapajani.

"Maharage yako hayakuona fuko," alimwambia Elinaza.

"Yatawaonaje? Mimi nimehesabu mfereji mzima."

"Mfereji mzima ulikuwa wa baba. Huu ni wetu."

Akaziba mashimo. Kesho yake jua likawa kali na upepo wa tambarare ukapanda, akaona maji yanapotea juu ya udongo wa moto kabla hayajanywewa, akabadilisha wakati: akafungua alfajiri. Baada ya hapo hakuna siku aliyofungua kama jana yake. Alitembea na maji. Alitazama majani ya mahindi adhuhuri, akachimba udongo kwa kidole, akanusa, kisha akapandisha tope kwenye kizibo kidogo au akalipunguza kidogo. Elinaza alimwambia maji yafike wapi mwisho wa kila juma, naye kila asubuhi aliangalia yako wapi, akayasukuma huko. Vidole vya miguu yake vilioza kwa maji. Ngozi katikati ya vidole ilitoka kama ganda la kitunguu, na makovu yake alikuwa nayo mpaka uzeeni.

Huo ndio mchango wa Senzota. Kama asingeangalia sasa, mpango wa mwisho ungekufa juma lile lile.

Hata hivyo kuna siku ambayo lazima isimuliwe, maana wengine huiruka. Wingu zito lilikaa juu ya kilele, jeusi, upepo wake una harufu ya udongo uliolowa. Senzota alishuka mbio mpaka uani.

"Mama, mvua hii inakuja. Nikifungua leo kwa wingi, kesho ndiva itajaa tena. Mahindi yamechoka."

Nakijwa naye alikuwa ameinusa. Alisema, "Harufu ni yake." Hakusema piga, wala hakusema usipige.

Senzota akapiga. Pembe ikalia, watu wakatoka mbio na majembe, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu mtu alicheka kwenye mfereji. Ndiva ilikuwa bado inatiririka wakati wingu lilipojivuta taratibu likapita upande wa pili wa mlima. Huko ndiko mvua ilikonyesha. Senzota alisimama juu ya ukingo akiona maji yanaondoka na hana ruhusa ya kuyazuia, kwa sababu pembe ilikuwa imeshalia.

Aliporudi nyumbani aliketi kizingitini asile. Elinaza hakumgombeza. Alichukua ufagio akafagia maharage yote, akaokota yale tu yanayolingana na maji yaliyobaki kwenye ndiva, akaanza upya kuyapanga kuanzia mlangoni.

"Sema neno," Senzota alimwambia.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba nimewamaliza."

"Jana haimo kwenye hesabu," Elinaza alisema bila kuinua kichwa. "Yaliyomo ndiyo haya. Kutoka hapa, njia nzuri ni ipi? Ndilo swali pekee. Sogeza mguu, umekanyaga mbelewele."

Alipanga, akapangua, akapanga tena. Safari hii alipofika katikati ya chumba mkono ulikuwa mtupu, na rundo la ndevu lilikuwa bado pungufu. Alijaribu kuchukua maharage huku aweke kule. Popote alipochukua palibaki shimo. Mwishowe aliacha mikono ianguke mapajani. Kwa mara ya kwanza Nakijwa aliona uso wa binti yake unafanana na wake.

Yunesi alikuwa akichambua mboga pembeni.

"Wifi," alisema, "hapo umepanga maji kana kwamba mashamba yote ni sawa."

"Desturi inasema ni sawa. Maji hayaruki shamba."

"Ndiyo. Lakini debe la maji kwenye udongo mweusi wa chini linatoa kikapu cha mahindi. Debe hilo hilo kule juu kwenye changarawe linatoa nini? Majani. Tunamwagia mawe kwanza, halafu tunagombania yanayobaki."

"Shamba la juu ni lako, shemeji," Senzota alisema.

"Najua ni la nani."

"Na la pili ni la Bi Foibe."

"Huyo pia namjua."

Asubuhi Yunesi alikwenda kwenye shamba lake. Mahindi yake yalikuwa yanaanza kubeba, membamba lakini mazima. Aliyapita, akainama kwenye mdomo wa mfereji, akaweka jiwe, akashindilia tope kwa kiganja chake. Kisha akavuka mpaka kwa Bi Foibe, mama mzee aliyeishi peke yake, akaketi naye tangu chai mpaka jua la utosi. Alimwambia kwamba kila mwenye shamba la chini ameahidi kumpa sehemu ya mavuno, ya kumtosha na zaidi. Ilikuwa kweli, Yunesi alikuwa ameshapita kwao wote, hata kwa Kiondo, na Kiondo aliahidi kwa kununa.

Bi Foibe alisikiliza. Mwishowe akasema, "Nimechoka kukusikia, mwanangu. Lete jiwe." Akaziba.

Mashamba yale mawili yakakauka mbele ya macho ya watu. Elinaza alipanga tena maharage, na safari hii yalifika jikoni. Ndevu zilipotoka, rundo lilikuwa tayari. Senzota alilifungua kidogo kidogo, akilifuata kwa miguu iliyooza, mpaka ndevu zikageuka kahawia na punje zikajaa. Siku ndiva ilipobaki tope tupu, mahindi hayakuhitaji tena kitu. Kijiji kizima kikavuna. Hayakuwa mavuno ya kujivunia, lakini hakuna nyumba iliyolala njaa, na hakuna aliyehama.

Huo ndio mchango wa Yunesi. Kama asingejua thamani ya debe mahali lilipo, yule mwenye mwisho na yule mwenye sasa wangekufa kwa kiu wakiwa wote wawili sahihi.

Na yeye pia ana siku yake ambayo lazima isimuliwe. Watu wa chini walitimiza ahadi, wakampelekea Bi Foibe mahindi mpaka kibanda chake kikajaa. Yunesi alikwenda kumwangalia akamkuta ameketi mbele ya lundo lile jeupe, analia bila sauti.

"Hayatoshi, bibi?"

"Yanatosha. Yangu yalikuwa mekundu."

Yunesi hakuelewa. Bi Foibe akamweleza kwamba mahindi yake yalikuwa ya mbegu nyekundu aliyopewa na mama yake siku ya kuolewa, na kila mwaka alikuwa akitenga mahindi ya mbegu kutoka shambani mwake. Mwaka huo alipanda yote. Hakuna mtu mwingine mlimani aliyekuwa nayo.

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Uliuliza ningevuna kiasi gani."

Mbegu hiyo haikuonekana tena. Hata leo ukiuliza kule, watakuambia waliwahi kuisikia.

Basi siku ya kuzoa tope ikakaribia. Siku hiyo ndiva ikiwa kavu, ukoo wote huingia ndani kwa majembe na karai kutoa tope la mwaka, na wakimaliza, pembe ikiwa na jambo lake, linatangazwa hapo. Siku moja kabla, wakati wa kula, Nakijwa aliweka pembe katikati ya mkeka.

"Semeni wenyewe," alisema. "Mimi nimechoka."

Senzota, kwa utani wa nusu, akasema, "Mwenye maharage achukue. Ila mwakani awafundishe fuko kuhesabu."

"Na wewe ukichukua," Elinaza alijibu, "tutapigiwa pembe kila kunguru akipita mbele ya jua."

"Nyote wawili mlikuwa mnagawana maji ya shamba langu," Yunesi alisema taratibu. "Sikusikia mtu anashukuru."

"Tulishukuru, shemeji."

"Lini?"

Hakuna aliyekumbuka. Chakula kikapoa. Nakijwa akaichukua pembe yake akaenda nayo kulala.

Asubuhi akabuni njia. Aliona kwamba watu hawa kila mmoja ana namna yake ya kuamua mambo, na namna zile ziliwaokoa. Basi amwite kila mmoja peke yake amuulize, ungekuwa wewe ni mimi, ungempa nani? Wakikubaliana wawili tu, yatosha.

Alimwita Elinaza kwanza, alipokuwa anafagia uwanja.

"Anza mwisho, mama," Elinaza alisema. "Siku ambayo wewe hupo. Pembe inatakiwa iwe bado kwenye nyumba hii. Mimi nikipata mtu nitaolewa, nitaondoka. Yunesi bado kijana, anaweza kuolewa tena. Atakayebaki ni Senzota. Rudi nyuma kutoka hapo mpaka leo. Mpe Senzota."

"Na wingu?"

"Nilishasema, jana haimo kwenye hesabu. Wala wingu halimo, wala maharage yangu hayamo. Kama unatoa zawadi ya yaliyopita, hilo ni jambo lingine, usiniulize mimi."

Alimkuta Senzota nyuma ya nyumba, anapaka miguu mafuta.

"Mimi sijui mwisho," Senzota alisema. "Naangalia hali ilivyo. Leo, asubuhi hii, Yunesi hana mume, hana mtoto, na shamba lake halina kitu. Elinaza ana wewe, mama yake. Mimi nina mikono yangu. Yeye nini kinamfunga kwenye nyumba hii? Akiondoka kesho tutamlaumu kwa lipi? Mpe Yunesi."

"Nikikosea?"

"Kwenye maji ungerekebisha kesho yake." Akatazama miguu yake. "Lakini pembe ukishaitoa huirudishi. Ndiyo maana mimi sitaki kuwa wewe."

Yunesi alikuwa anasonga ugali wa wafanyakazi wa tope. Hakuacha kusonga.

"Mama, kitu apewe yule ambaye mikononi mwake kitakuwa kikubwa zaidi. Mimi shamba langu litapata mvua siku moja, na Bi Foibe ndiye anayenidai, si ukoo. Senzota watu wanampenda, na pembe au bila pembe wataendelea kumpenda. Elinaza hasalimiwi. Waliokula mahindi yake bado wanamwita mnyimi. Akiwa na pembe itabidi wamsalimu kila asubuhi, na watu wakimsalimu mtu kila siku mwishowe humwona. Kwake ndiko pembe ina uzito. Mpe Elinaza."

Nakijwa aliketi kwenye kigoda karibu na moto. "Nilifikiri mtanipunguzia mzigo," alisema.

"Pole, mama."

"Mmenirudishia pembe ilivyokuwa."

Yunesi akaepua sufuria.

Wakaenda kwenye ndiva. Senzota alimbeba mama yake mgongoni sehemu ya mwinuko, Elinaza akitangulia na karai, Yunesi nyuma na chakula. Watu walikuwa wameshaanza. Walizoa tope wakalirundika ukingoni, wakashindilia mawe yaliyolegea, wakatania, wakala. Elinaza alifanya kazi upande ambao hapakuwa na mtu. Senzota aliingia tope akiwa amefunga miguu matambara. Bi Foibe alikuja pia, akaketi kivulini, akamwita Yunesi ampelekee maji ya kunywa, naye akampelekea.

Jua lilipoanza kuinama, majembe yakanyamaza. Watu wakasimama ndani ya ndiva tupu, wamepakwa tope mpaka viunoni, nyuso zao zimeelekea jiwe aliloketi Nakijwa. Kiondo ndiye aliyesema.

"Haya, mama Senzota. Tumemaliza letu. Bado lako."

"Nimesikia."

"Kama huna mtu, mimi mikono yangu nimeshanawa."

Watu wachache walicheka. Nakijwa aliitoa pembe kwenye kanga. Mbele yake, bega kwa bega, walisimama watu watatu wa nyumba yake. Yule aliyeanzia mwisho alikuwa anatazama chini. Yule aliyeangalia sasa alikuwa anamtazama mama yake usoni. Yule aliyejua thamani ya vitu alikuwa anamtazama Bi Foibe. Hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono.

Nakijwa aliiweka pembe magotini. Alifikiri kama alipe yaliyopita au anunue yajayo, na aliona kwamba kwa njia zote mbili hesabu inakataa kufika jikoni. Wingu dogo lilikuwa juu ya kilele, jeupe, lisilo na harufu. Chemchemi ilidondoka kwenye sakafu safi ya ndiva, tone, halafu tone.

"Ngojeni nipumzike kidogo," alisema.

Nasi tumwache hapo, kwenye jiwe lake, magoti yakimuuma na Kiondo akisubiri. Hataweza kuondoka mpaka pembe iwe mkononi mwa mtu. Nyinyi mmekula, mmekaa, na hamjachoka kama yeye. Basi msaidieni. Elinaza, aliyeona mwisho. Senzota, aliyeiona leo. Yunesi, aliyejua kila tone linafaa wapi: kama jiwe lile ungekuwa umelikalia wewe, ungeinyoosha pembe kwa nani? Na wale wawili uliowaacha, ungewaambia nini njiani mkirudi nyumbani?